Springi za Nyuma za Gari la Mzee Kimotho

Kibera, karibu na Ayany,
Nairobi.
Jumapili, 13 Julai 2025.

Mpendwa shemeji yangu Opondo,

Pokea salamu zangu na za watoto. Hujambo huko Doha, na hilo joto linakuachia usingizi? Huku tunatetemeka. Julai ya mwaka huu ni mawingu asubuhi hadi jioni, na nguo nikianika leo nazianua kesho kutwa. Akeyo alishikwa na kifua lakini amepona. Brandon ni mzima na viatu vya shule vimeshambana tena. Mimi niko. Watu wakiniuliza habari ya afya nasema niko, na wananielewa.

Mama alinipigia juzi kutoka nyumbani. Anasema nyasi zimeanza kuota kwenye kaburi la kaka yako, na amekataza mtu yeyote kufunga ng'ombe upande ule. Miguu inamsumbua, lakini sauti ni ile ile. Alinigombeza kwamba nimekonda, ingawa hakuwa ananiona.

Barua hii nampa Dada Celine wa kanisani kwetu, ambaye anarudi huko kazini Jumatano. Ningeweza kukupigia, lakini unajua simu zetu zinavyokwenda tangu Mei. Mmoja akianza kulia mwenzake anaanza, na hakuna kilichosemwa. Nimeona niandike.

Siku ya mazishi uliniuliza kwa simu kama zile raba za springi ulizotuma ziliwahi kufungwa kwenye gari. Sikukujibu. Usidhani nilichukia swali lako. Nilijua uko peke yako, hukupewa ruhusa ya kuja, na ulitaka kushika kitu chochote cha kaka yako, hata kwa maneno. Sasa naweza kukujibu. Jibu lenyewe ni refu, kwa sababu kazi ile yake ya mwisho ilikaribia kutoka vibaya, na aliyeiharibu ni mtu aliyempenda mume wangu Ouma kuliko mafundi wote wa pale gereji.

Gari lenyewe umeliona kwa picha tu. Ni MG ya kijani, ya watu wawili, fupi, imekaa chini hata ukipita na beseni kichwani unaweza kutoiona. Mwenyewe ni Mzee Kimotho, aliyestaafu upimaji wa mashamba. Aliinunua akiwa kijana, ikaja kulala miaka mingi kwenye kibanda chake huko Dagoretti. Mwaka jana daktari alimwambia macho yake yanafifia na asitarajie kuendesha gari muda mrefu tena. Ndipo akaileta kwa Ouma pale gereji, nyuma ya soko la Kawangware 56. Nilikuwa nimewapelekea mafundi chakula kutoka kibanda changu cha kupikia, nikamsikia kwa masikio yangu:

"Nataka kumpeleka mama Limuru mara moja tu, kwa ile barabara tuliyopita tukiwa wachumba. Baada ya hapo watoto wauze, wachome, shauri yao."

Ouma akazunguka nyuma ya gari, akacheka. Kuna fundi wa zamani aliyelifunga springi za pikapu, amezikata ili zitoshe, na mkia wote ulikuwa juu kama kuku anayekunywa maji. Akamwambia mzee kwamba hataligusa kitu kingine mpaka nyuma ikae inavyotakiwa.

Shida ilikuwa kujua inavyotakiwa ni vipi. Pale gereji hakuna aliyewahi kuona gari la aina ile likiwa zima. Basi utakumbuka nilikwambia nilipata kazi ya kuwapikia wafanyakazi kwenye maonyesho ya magari ya zamani, kule uwanja wa mbio za farasi. Kaka yako alijitolea kunibebea sufuria. Nilishangaa wema umetoka wapi. Kumbe alitaka njia ya kuingia.

Nikiwa katikati ya kusonga ugali nikamwona anakuja mbio. Amepata gari ndugu ya lile la Mzee Kimotho, mwenyewe amemruhusu kulipima, lakini futi ya kupimia ameisahau kwenye koti jingine. Akaninyang'anya mwiko mkononi na kuupangusa kwenye suruali yake.

"Baba Akeyo, ugali utaungua!"

"Songa na kijiko."

"Ugali wa kambi nzima nisonge na kijiko?"

Hakunisikia, alikuwa ameshapiga magoti. Akausimamisha mwiko katikati ya gurudumu la nyuma, kwenye ile kofia ya chuma, kichwa chini na mpini juu, akaangalia ukingo wa madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, umefika wapi. Askari wa pale akamkaribia, akamwambia kwa upole sana, "Mzee, haya magari ni ya kuangalia. Hatuonji." Watu wakacheka mpaka mwenye gari akashika tumbo. Ouma akatoa kisu chake kidogo, akakata alama kwenye mpini.

Nilikasirika kwelikweli. Ule mwiko ni mti mzuri, aliuleta mama yangu kutoka Ugenya. Akanirudishia akasema, "Nyamaza, mama Akeyo. Ile gari ikikaa hapa kwa alama, nakununulia mwiko mpya." Jioni tukirudi akanieleza. Alisema springi ya gari lile si ya kubeba magunia. Kazi yake ni kuinama na kurudi, kuinama na kurudi, ndipo gurudumu lishike barabara. Ikiwa ngumu inarusha mkia, na kwenye kona yenye maji gari linageuka kuangalia lilikotoka. Nilimsikiliza nusu tu. Nilikuwa nimechoka na masikio yangu yalikuwa kwenye sufuria zisipotee.

Alitafuta springi zinazofaa kwa miezi mingi. Mwisho akapata fundi wa kufua vyuma huko Gikomba, akamchorea kila jani la chuma la ile springi, urefu wake na mpindo wake, akazirudisha mara mbili hazikumridhisha. Wewe ukatuma raba. Unakumbuka alikusumbua utume seti mbili, ukamwuliza gari lina miguu mingapi.

Springi zilifika Jumatatu. Alhamisi alianguka akinawa mikono pale gereji, na mengine unayajua. Gari lilibaki juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yakining'inia, koti lake limetundikwa kwenye kioo cha pembeni. Hakuna fundi aliyelitoa lile koti. Nililitoa mimi, tuliporudi kutoka kuzika.

Sasa ndipo anaingia Wanzala. Ni fundi Mluhya wa Busia, alikuwa na kaka yako tangu wakifanya kazi juani kabla hawajapata mabati. Shemeji, kama ungemwona yule mtu kwenye matanga. Alikuja na gari la maiti mpaka nyumbani, alilala kwenye kiti wiki nzima, alishika jeneza upande wa kichwa, na Mama akasema wazi mbele ya watu kwamba huyu naye ni mwanawe. Alipokuwa anatuaga alisema atamaliza kazi ya Ouma kwa mikono yake, na Mzee Kimotho akakubali.

Wiki tatu zilizopita alikuja kibandani kwangu, mafuta mpaka kwenye masikio, akasema, "Mama Akeyo, kazi ya bwana yako nimemaliza. Kuja uone." Nikafunika sufuria nikaenda.

Gari lilikuwa limeoshwa linang'aa. Lakini mkia ulikuwa juu. Haukuwa juu kama zamani, lakini ulikuwa juu. Nikasema limependeza, kwa sababu kweli rangi ilipendeza, na yeye akafuta macho kwa mkono wa ovaroli.

Unajua desturi ya pale gereji. Springi yoyote ikipita mikononi mwao lazima iongezwe jani. Matatu inaongezwa, pikapu ya kabichi inaongezwa, hata gari la mchungaji linaongezwa, kwa sababu kila gari la huku siku moja litabeba kitu kizito kuliko lilivyoumbiwa. Hawaulizi mtu. Ni kama mimi ninavyoongeza chumvi kidogo kabla ya kuonja.

Siku ile ile Mzee Kimotho alikuja kulijaribu. Alikwenda mpaka Gatina akarudi. Alishuka polepole, akaweka kofia yake sawa, akawashika mikono mafundi mmoja mmoja. Akasema liko sawa, asanteni, Mungu amlaze Ouma pema. Atakuja Jumamosi na mama waende safari yao. Niliona hakuangalia nyuma ya gari hata mara moja.

Siku zilizofuata nilikuwa na mzigo moyoni. Kila nikishika ule mwiko, kidole gumba kinakaa kwenye alama. Nikajiambia niwaachie wanaume mambo yao ya vyuma. Nikajiambia pia kwamba Wanzala amefiwa kama mimi, na mtu aliyemvisha mume wangu soksi za mwisho siwezi kumwambia amekosea. Lakini barabara ya Limuru ilikuwa na manyunyu kila siku, na kwenye gari lile wangekaa wazee wawili, mmoja haoni vizuri. Na kama lingegeuka kwenye kona, lingekuwa ni gari alilotengeneza Ouma. Huo ndio ulikuwa ukweli wenyewe, na hakuna aliyetaka kuutamka, kila mtu kwa heshima ya marehemu.

Alhamisi mchana niliuosha mwiko nikaenda nao gereji. Wanzala alikuwa peke yake, amekaa juu ya tairi na kikombe cha chai.

"Leo ugali unaletwa mpaka mlangoni?" akasema. "Ama umekuja kunichapa?"

"Nimekuja kupima kitu."

"Pima. Lakini ukinipata na homa, usiniambie."

Nikainama pale kwenye gurudumu, nikausimamisha mwiko kama nilivyomwona Ouma akifanya. Kati ya alama na ukingo wa madigadi kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Wanzala aliacha kunywa. Nikamweleza habari za uwanja wa farasi, askari, ugali, kisu, yote.

"Kwa hivyo unasema nimeharibu."

"Sijasema hivyo."

"Mwiko umesema." Akaweka kikombe chini. "Mimi nimefunga springi tangu huyo Mjaluo wako akiuza mayai boilo pale steji."

"Najua, Wanzala. Ndiye aliyeniambia. Alisema ulikuwa unayala na kumwambia yameoza."

Akacheka kidogo. Akageuza uso upande wa ukuta.

"Niliongeza jani, mama Akeyo. Zile springi alizofulisha ziko sawa kabisa, lakini niliziona nyembamba. Nikafikiria hii ikivunjika huko Limuru watu watasema springi ya Ouma imevunjika. Na yeye hayuko wa kuwajibu. Nikasema hii ya kwake haitavunjika mpaka Yesu arudi."

Shemeji, sikuwa nimelifikiria hilo. Niliweka mkono begani mwake, jambo ambalo sikuwahi kufanya Ouma akiwa hai. Nikamwambia, "Alitaka iiname. Aliniambia mimi, njiani, nikiwa nimechoka sitaki kusikia. Springi inayoinama ndiyo yake."

Akamwaga chai iliyobaki. Akasema, "Basi leta jeki." Hapakuwa na mtu mwingine wa kuleta jeki, kwa hiyo akaenda kuichukua mwenyewe.

Alifungua springi zote mbili mchana ule, akatoa jani lake katika kila moja, akazirudisha. Na hapa ndipo jibu la swali lako. Seti ya kwanza ya raba zako ilikuwa imepindika na kuanza kuchanika, kwa sababu Wanzala alikuwa amekaza bolti gari likiwa bado juu ya stendi. Kaka yako alikuwa mkali sana juu ya hilo. Alisema ukikaza likiwa hewani, siku litakaposhuka chini raba zinajinyonga. Lazima gari lisimame kwanza kwa uzito wake, ndipo ukaze. Wanzala alikuwa akimwita padre kwa hayo mahubiri. Safari hii alitafuta kwenye kisanduku cha Ouma, akapata seti ya pili uliyotuma, ambayo uliona ni usumbufu. Hizo ndizo zilizofungwa. Ziko ndani ya gari leo.

Alipolishusha akasema linahitaji uzito wa mtu, akaniomba nikae ndani. Sikuwahi kukaa kwenye lile gari, hata Ouma akiwa hai. Nilikaa kiti cha abiria, mwiko mapajani, nikahisi gari linashuka chini yangu taratibu na kutulia. Kulikuwa na harufu ya ile sabuni ya unga ambayo Ouma alikuwa akinawia mikono. Wanzala alikuwa chini anakaza. Baada ya muda nikamsikia:

"Mama Akeyo, gari inacheza."

Nilikuwa nalia, kanga mdomoni.

"Haya," akasema kutoka kule chini. "Tulia kidogo. Ukimaliza, nitaendelea." Akangoja, spana mkononi, mpaka nilipomaliza.

Kisha akatoka, akanisaidia kushuka, tukapima pamoja. Ukingo wa madigadi ulikuja ukakaa kwenye alama. Upande wa pili pia. Wanzala alichukua msumari akakwaruza kipimo kile kile kwenye nguzo ya gereji, ili kibaki.

Jumamosi Mzee Kimotho alifika na mkewe, mama mfupi amevaa skafu ya kitambaa kizito na viatu vya kanisani. Mzee aliliona gari akiwa bado ng'ambo ya barabara. Alisimama, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mmelishusha," akasema.

Wanzala akaangalia chini. "Nilikuwa nimekosea, mzee."

"Nilijua. Kule Gatina kwenye tuta liliruka mpaka kofia ikanitoka. Lakini ningesema nini? Nyinyi mnalia, mimi nilete maneno ya springi?"

Nikamwuliza kama angekwenda nalo hivyo hivyo. Akafikiria, akasema angekwenda, ila polepole. Mkewe akamtazama kwa jicho ambalo sisi wake tunalijua, akasema, "Ungeniambia nikiwa ndani ya mtaro." Wanzala alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Mei.

Waliondoka. Niliwaangalia mpaka kwenye kona ya duka la hadwea. Mkia uliinama kwenye tuta na kurudi, uliinama na kurudi, bila kelele. Mchana mzee alinipigia simu kutoka Limuru. Alisema hana mengi, ila mama amesinzia tangu Tigoni, na katika maisha yao yote hajawahi kusinzia yeye akiendesha.

Jumatatu yake Wanzala alikuja kula kama kawaida. Aliweka mezani kitu kilichofungwa kwa gazeti. Nikafungua. Mwiko mpya, mti mweupe, bado una harufu ya randa.

"Ni wa nini?"

"Si alisema gari ikikaa kwa alama?" Akavuta sahani yake. "Na leo usinipimie ugali kama wa mtoto."

Kwa hiyo sasa nina miiko miwili, na kipimo cha gari kimeshabaki kwenye nguzo. Nimefikiria sana ule wa zamani uwe wa nani. Akeyo alitaka tuutundike ukutani. Nimemkatalia. Kaka yako hakupenda kifaa kinachokaa bure.

Dada Celine atakupa barua hii pamoja na kitu kirefu kilichofungwa kwa kanga yangu ya bluu. Ni huo mwiko. Usiuweke kabatini. Dada Celine ananiambia unga wa kwetu unapatikana huko, basi siku yako ya mapumziko songa ugali, uwaite wenzako. Ukipitisha kidole gumba kwenye mpini utaipata alama. Huo ni mkono wake.

Nisalimie rafiki yako Okello unayelala naye chumba kimoja. Daisy wako nilimwona kanisani Jumapili iliyopita, yeye na mtoto hawajambo, na anasema umpigie mchana maana jioni stima hupotea. Wanzala anakusalimu sana, anasema ukirudi uje na raba nyingine. Mama anakuombea kila asubuhi kwa jina, anaanza na wewe sasa.

Mungu akulinde kwenye kazi yako na akurudishe ukiwa mzima, utembee mwenyewe mpaka pale alipolala kaka yako.

Ni mimi shemeji yako, anayekukumbuka kila anaposonga,

Jael, mama Akeyo.